Mshahara Unaobaki Njiani

Saa kumi na moja ya asubui, giza lingali nzito Kasungami. Kwenye kona ya avenue yetu inasimama busi kubwa, taa zote zinawaka ndani. Dereva anapiga honi mara moja. Vijana saba ao nane wanatoka kila mmoja kwa mlango wake, kofia ngumu mkononi, viatu vya chuma miguuni, wanapanda wakipiga miayo. Busi inaondoka kuelekea mgodi. Anayeangalia vizuri anaona viti vingi ndani yake vingali bila mtu.

Pembeni ya barabara mtu mmoja anabaki. Yeye pia anaenda kazi. Chini ya kwapa amebeba daftari ya kutayarisha masomo, imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki sababu ya mvua. Ni mwalimu wa masomo ya msingi huko Bel-Air. Anapashwa kukamata busi moja mpaka ville, kisha nyingine mpaka Bel-Air, na kengele ya shule haimngoji mtu. Ile busi nyeupe inapita karibu na masomo yake kila siku, lakini hairuhusiwi kumbeba. Ni ya watu wa kazi tu, na dereva akimpandisha mgeni anaweza kupoteza mkate wake.

Wa mwisho kupanda ile busi ni mudogo wake, wa tumbo moja.

Wote wawili ni watoto wangu, maana marehemu baba yao alikuwa mkubwa wangu. Wananiita Baba Mudogo. Na kama ninaandika habari yao hapa, ni kwa sababu siku moja ya Mungu, kiisha Misa, mama yao aliniita nyumbani. Mtoto wao wa mwisho, msichana, alikuwa amefaulu Examen d'État. Ilipashwa kupata feza ya kumwandikisha kwa masomo ya juu, na kwanza kujua aandikwe wapi. Tena mama mwenyewe hakuwa na dawa yake ya tension tangu siku kumi. Yule mama hakuzunguka. Alimwangalia mtoto wa pili, akasema:

"Weye njo utalipa. Weye iko na busi ya kumpani, inakukamata ku mulango sawa vile shefu. Yaya yako anatembeaka na mikulu."

Kijana akajibu: "Mama, busi haiko makuta. Siwezi kuiuzisha ku soko."

Mkubwa alikuwa kimya. Kisha akasema polepole: "Na mie, ule mushahara ya Leta benye kuona ku banki, haufikaka ku nyumba yote. Unaanguka mu njia."

Mambo yakaanza kuwa makali. Mmoja alisema ya kwamba kazi ya Leta ni kazi ya milele. Mwingine akauliza kama milele inanunua unga. Mimi nikawaomba jambo moja tu: kila mtu alete karatasi yake ya malipo, tuziweke juu ya meza, tuhesabu. Ndugu msomaji, fanyeni vile kwenu siku moja. Katika jamaa nyingi watu wanajua tarehe ya mshahara, lakini hawajui hesabu yake.

Tulianza na njia ya mwalimu. Busi mbili kwenda, mbili kurudi: tiketi nne kwa siku. Masomo yetu yanafanya kazi tangu kazi moja mpaka siku ya posho, basi siku 26 kwa mwezi. Nne mara 26 ni tiketi 104. Tiketi mia moja na nne, mbele ya kununua hata kikombe kimoja cha unga! Na hiyo ni kama receveur hakukata safari vipande viwili, maana saa ya watu wengi dereva anaishia katikati ya njia, anageuka, nawe unalipa tena kwa kufika kule ulikolipia. Mvua ikinyesha na busi zikikosekana, kunabaki manseba na moto yake, na bei ya moto si bei ya busi.

Tuchukue mfano, tuone uzito wake. Mwezi wa Mei 2018 Serikali iliweka mshahara wa chini kabisa, ule wanaouita SMIG, kwa falanga 7.075 kwa siku; kiwango hicho kimepandishwa tena mwaka 2025. Kwa siku 26 mfanyakazi wa SMIG ya 2018 alipata falanga 183.950. Sasa tuseme, kwa mfano tu, kwamba tiketi moja ilikuwa falanga 500. Tiketi 104 ni falanga 52.000. Zaidi ya robo ya mshahara! Mtu anafanya kazi wiki nzima na siku kidogo kusudi aweze kufika kazini wiki zinazobaki. Uweke leo bei yako mwenyewe na mshahara wako mwenyewe, utaona.

Mwalimu wetu amepata dawa yake: asubui anapanda, jioni anatoka Bel-Air mpaka ville kwa mguu. Anaokoa tiketi 26. Lakini mke wake aliongeza hesabu ambayo sisi wanaume tuliisahau: viatu. Na tena, mtu aliyesimama mbele ya watoto zaidi ya hamsini tangu asubui, akatembea, akangoja busi, anafika nyumbani saa moja ya usiku. Daftari za watoto anazisahihisha lini?

Wakati ule mama alianza kucheka peke yake. Nikamuuliza anacheka nini. Akasema: "Baba yabo hakulipaka tiketi hata siku moya."

Ni kweli, na hapa inafaa kurudi nyuma, maana vijana wengi wanaosoma gazeti hili hawakuyaona mambo yale.

Union Minière ilipoanza kuleta watu hapa tangu zaidi ya miaka mia moja, ilijenga camp pembeni ya kiwanda. Tangu miaka ya 1920 ilitaka mfanyakazi aje na mke wake, azae watoto palepale, asirudi kwao. Kompani ilitoa nyumba, hospitali, masomo, na posho ya unga. Nguvu ya posho ile inaonekana hata leo: sisi wa Katanga siku inayotangulia siku ya Mungu tunaiita siku ya posho, hata mtu asiyepata posho kamwe. Kilio cha mashini kilipolia, mtu alitoka nyumbani, na kabla hajamaliza kutafuna alikuwa kwenye mlango wa kiwanda, chini ya cheminée ileile tunayoiona mpaka leo. Njia haikuwa na bei kwa sababu njia yenyewe haikuwapo.

Nisidanganye watoto kwamba ilikuwa paradizo. Mshahara wenyewe ulikuwa mdogo, na aliyelala katika nyumba ya kompani alikuwa chini ya jicho la kompani mchana na usiku. Mwezi wa Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière walipogoma hapa mjini kuomba waongezewe mshahara, askari waliwapiga risasi, watu wengi wakafa. Basi ule upendo wa "baba na mama" ulikuwa na fimbo ndani yake.

Mwaka 1967 Leta ilikamata kompani, ikawa Gécamines kiisha miaka kidogo. Angalia neno hili, maana wengi wanalichanganya: Gécamines ilikuwa ya Leta, lakini mtu wa Gécamines hakuishi sawa na mtu wa ofisi ya Leta. Mwalimu, mganga wa Serikali, karani wa commune, hao wote walipata mshahara mtupu. Mtu wa Gécamines alipata mshahara pamoja na nyumba, unga, dawa na ukaribu wa kazi. Wasichana wa wakati ule walijua vizuri nani wa kumtazama kati ya hao wawili, na wazazi wao vilevile.

Kisha nguzo zilivunjika. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa tani karibu 476.000 za shaba. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ukabomoka. Kufika katikati ya miaka ya 1990, shaba haikufika hata sehemu moja ya kumi ya ile ya zamani. Mishahara ikaanza kuchelewa miezi, halafu miaka. Mwaka 2003 na 2004, kwa feza iliyotoka Banki ya Dunia, wafanyakazi 10.655 waliondolewa kwa jina la "départ volontaire". Mwalimu wa historia wa chuo kikuu chetu cha UNILU, Donatien Dibwe dia Mwembu, mwaka 2001 alikuwa ametoa kitabu ambacho jina lake peke yake linasema yote: bana Shaba walioachwa na baba yao.

Mkubwa wangu alikuwa mmoja wa wale 10.655. Alipokea feza yake mara moja, kitu ambacho hakuwa amekiona maishani. Alifanya vema kuliko wengi: hakunywa, hakununua gari ya kufa kiisha miezi mitatu. Alinunua kiwanja, akajenga. Lakini kiwanja alichoweza kununua kilikuwa wapi? Kule ambako bei ilikuwa ndogo, katika commune Annexe, ambayo imezunguka mji wetu wa Lubumbashi kama mukaba. Ndivyo jamaa yetu ilivyofika Kasungami. Na ndivyo njia ilivyoingia ndani ya nyumba yetu kama mtoto mpya wa kulisha. Wewe unayeishi Kasapa, Kalebuka, Luwowoshi ao Kisanga, uulize wazazi wako habari ya kiwanja chenu, huenda utasikia hadithi inayofanana.

Sasa turudi kwa meza, maana karatasi ya mudogo ilikuwa bado haijasomwa.

Yeye hafanyi kazi kwa mgodi wenyewe. Anafanya kwa kampuni ndogo inayofanya kazi ndani ya mgodi, ile tunayoita sous-traitance. Watu wa namna yake ni wengi kuliko tunavyofikiri. Mwezi wa Novemba 2021 shirika RAID la Uingereza pamoja na CAJJ la Kolwezi yalitoa uchunguzi juu ya migodi mitano mikubwa ya Lualaba: kati ya wafanyakazi mia moja, 57 walikuwa wa kampuni za namna hiyo. Wakahesabu kwamba jamaa ya Kolwezi ilihitaji angalau dola 402 kwa mwezi ili iishi kwa heshima, na wengi kati ya waliowauliza hawakufika pale. Wanavaa kofia ileile, wanapanda busi ileile, lakini karatasi zao si moja.

Tulipolinganisha, mama alinyamaza. Mshahara wa mtoto wake wa busi haukupita sana ule wa mtoto wake wa mikulu. Tofauti kubwa ilikuwa katika vile ambavyo havikuandikwa: tiketi 104 ambazo mmoja analipa na mwingine halipi. Lakini huyu wa pili naye alikuwa na malipo ya namna nyingine. Anatoka watoto wake wakiwa wamelala, anarudi wakiwa wamelala. Saa anazokaa ndani ya busi hakuna anayezihesabu kuwa kazi. Siku moja alichelewa dakika tatu, busi ikaenda; alikamata manseba mpaka mgodini, akalipa bei ambayo hakuthubutu kumwambia mke wake. Na akasema neno hili: "Siku contrat itaisha, busi nayo itaisha. Asubui itapita hapa, itapiga honi kwa wengine."

Kuna jambo jingine, ninaomba vijana mlisikilize vizuri kabla ya kutia mkono kwa mkataba wowote. Mbele ya kazi hii alikuwa katika kampuni nyingine, jina lake niliache. Kule hawakuwa na busi. Waliahidi feza nzuri kwa mwezi, kila kitu ndani, naye akafurahi. Hakuona kwamba kwenye karatasi ile feza iligawanywa: mshahara wa msingi ulikuwa kitu kidogo, na sehemu kubwa iliandikwa transport na nyumba. Contrat ilipoisha, hesabu ya mwisho ilifanywa juu ya ule mshahara wa msingi. Alitoka na feza ya kununua mifuko kidogo ya unga.

Kwa nini? Sheria ya kazi ya inchi yetu, ya tarehe 16 Oktoba 2002, inasema wazi kwamba feza ya transport haihesabiwi ndani ya mshahara, sawa vile matunzo ya hospitali, nyumba, na posho ya watoto. Kusudi la sheria lilikuwa jema: mshahara ni wa kula, njia ni jambo la kazi, visichanganywe. Kanuni za kodi nazo, kwa miaka mingi, ziliacha bila kodi feza ya njia isiyopita tiketi nne kwa siku: nne za taxi kwa ma-cadre, nne za busi kwa wafanyakazi wengine. (Mimi nafikiri hiyo "nne" inatoka wakati ule watu walipokuwa wakirudi nyumbani kula saa sita. Leo nani anarudi Kasungami kula saa sita? Leo nne ni kwenda na kurudi tu, kwa anayekamata busi mbili.)

Lakini kisu hiki kina makali pande mbili. Kwa sababu transport si mshahara, haikatwi kwa ajili ya CNSS. Mfanyakazi anatoa asilimia 5 ya mshahara wake kwa ajili ya pansio, na mwenye kazi anaongeza asilimia 5. Basi bwana mwenye akili mbaya anapunguza mshahara wa msingi, anafutisha transport, na siku ya uzee wako pansio yako itakuwa nyembamba kama ule msingi. Ukiona kwenye karatasi yako kwamba njia imekuwa kubwa kuliko kazi, uulize. Wadelege wa sindika wana kopi ya convention collective ya kampuni. Ndani yake mmeandikwa transport inalipwa namna gani. Si dhambi kuomba kuisoma.

Na tena jambo ambalo wajane wengi hawakuambiwa. Sheria ya usalama wa wafanyakazi ya tarehe 15 Julai 2016 inahesabu kuwa ajali ya kazi hata ile inayomkuta mtu njiani, akitoka nyumbani kwenda kazi ao akirudi, ikiwa hakukatisha njia kwa mambo yake mwenyewe. Mtu akigongwa juu ya moto saa kumi na mbili ya asubui akielekea kiwandani, asipelekwe kaburini na matanga peke yake: mwenye kazi apashwe habari, na CNSS ipashwe habari, kwa karatasi.

Mkubwa alisikiliza yote hayo, kisha akaniuliza: "Baba Mudogo, na kwetu sie balimu, hii sheria inasema nini?"

Haisemi kitu. Sheria ya 2002 yenyewe, mwanzoni kabisa, inaacha pembeni watumishi wa Leta wenye sheria yao. Yeye ni mtu wa Leta, hata kama masomo anamofundisha yana jina la mtakatifu mlangoni. Tangu mapatano ya tarehe 26 Februari 1977 Kanisa linasimamia masomo yale, lakini Leta ndiyo inayolipa. Na Leta imeahidi mengi. Mwezi wa Februari 2004, kule Mbudi karibu na Kinshasa, ilikubaliana na sindika zake kwamba huissier, mtu wa chini kabisa, aanzie dola 208 kwa mwezi. Waliokuwa vijana wakati ule sasa wanangoja pansio, na mapatano ya Mbudi yangali yanatajwa kila mgomo.

Sisi wazazi tuliingia katikati. Kiisha migomo ya miaka ya 1992 na 1993, tulikubali kumlipa mwalimu kwa mifuko yetu ili watoto wasikae nyumbani. Ilikuwa iwe kwa muda mfupi. Ilifanya zaidi ya miaka 25. Ilikuwa mzigo mbaya, uliwafukuza watoto wa maskini darasani. Lakini hapa mjini, ile prime ya wazazi ndiyo iliyokuwa njia ya mwalimu. Mwezi wa Septemba 2019 masomo ya msingi ya Leta yakawa bila malipo, na watoto wengi wakaingia. Ni jambo jema, nililishangilia na ninalishangilia bado. Ila siku ile mzazi alipoacha kulipa, sikumsikia mtu yeyote akiuliza tiketi 104 za mwalimu sasa zinahamia kwa nani.

Inchi nyingine zimejaribu kujibu. Ufaransa, tangu 1982 kwa Paris na tangu 2009 kwa inchi yote, mwenye kazi analipa angalau nusu ya karati ya busi ao treni ya mfanyakazi wake. Brazil ilitunga sheria mwaka 1985: mfanyakazi anatoa asilimia 6 tu ya mshahara wake wa msingi kwa njia, na kinachozidi ni mzigo wa mwenye kazi. Sifa yake ni kwamba anayekaa mbali hapigwi kwa sababu ya umbali wake. Kwetu hakuna karati ya mwezi wala busi ya kuandikia karati. Mbele ya sheria ya namna ile, ingepashwa kwanza busi zinazofuata saa. Lakini wazo la kwamba mtu asilipe njia kupita sehemu fulani ya mshahara wake halihitaji treni.

Na sisi wenyewe? Nimeandika juu ya Leta, juu ya migodi, na ni rahisi kunyosha kidole kule. Parokia ina sentinelle, ina mama anayepika, ina kijana anayefagia. Mama wa jamaa njema ya Kikristu, anayeimba kwaya, ana msichana wa kazi anayetoka Kasungami mpaka Golf kila asubui. Je, tiketi zake unazijua ni ngapi? Nilijiuliza swali hili mimi mwenyewe, juu ya mzee anayenilindia nyumba. Sikulala vizuri.

Turudi kwa yule msichana, maana mkutano ulikuwa kwa ajili yake. Mama alitaka aende kusoma mambo ya migodi: "Angalau busi itamubeba." Mudogo alikubali, hata kama alikuwa ametoka kutueleza uchungu wa busi ile. Mkubwa, jambo la kushangaza, hakumtetea ualimu hata kwa neno moja. Ni msichana mwenyewe aliyesema anataka ISP, awe mwalimu wa hesabu. Kaka yake mkubwa akamwuliza kama hakuona hesabu tuliyoifanya juu ya meza.

Akajibu: "Niliiona. Njo maana. Mutu moya tu mu hii nyumba aliyua kuzidisha ine mara makumi mbili na sita bila telefone, ni ule ulinifundisha."

Hakuna aliyecheka, lakini mama alitazama chini.

Basi tulipatana hivi. Mudogo analipa dawa ya mama, kila mwezi, mbele ya kitu kingine. Mkubwa analipa nusu ya kumwandikisha dada yao, mimi nusu ya pili. Na kwa kuwa mudogo halipi njia, akubali kulipa tiketi moja kwa siku ya yaya yake, ile ya jioni ya kutoka Bel-Air, kusudi asitembee tena na afike kusahihisha daftari kungali nuru. Mama alileta kopo tupu ya maziwa, akaiweka juu ya kabati. Siku ya mshahara mudogo atatia mle feza ya tiketi 26, na kila asubui mkubwa achukue moja.

Mudogo alitia mkono mfukoni palepale, akahesabu, akatia. Mama akafunika.

Nilipita kwao tarehe 19 ya mwezi uliofuata. Mwalimu alikuwa amefika mapema, amekaa nje na daftari zake juu ya mapaja. Nikaingia kusalimia, nikainua kifuniko cha kopo. Mlibaki tiketi mbili. Kwa hesabu yangu zilipashwa kuwa kumi ao karibu. Mama alisema receveur wamepandisha bei tangu wiki mbili, mafuta yamekosekana, na siku ya mvua ilipashwa moto. Kisha akashusha sauti, akaniambia nisimwambie mudogo, atafikiri yaya yake anakula.